Siku moja maishani mwangu: kuandika wasifu wa mzee aliyepigana Vita ya Kagera

Saa 12:30 asubuhi. Nipo msibani, Tarime vijijini. Mazishi ni kesho saa 8 mchana, kwa hiyo wasifu wa marehemu lazima uchapwe leo. Nikishatoa pole na rambirambi, namtafuta msemaji wa familia kabla ya mtu mwingine, kwa sababu wasifu uliokusanywa kwa watu watano ukibishaniwa unakosa mwenyewe. Yeye ndiye anayefungua sanduku la bati: cheti cha utumishi jeshini, cheti cha ndoa, cheti cha ubatizo, kitambulisho cha taifa, na bunda la stakabadhi za ada ya shule lililofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Saa 1:30. Mwaka wa kuzaliwa. Jeshini ni 1953, kitambulisho cha taifa 1955, ubatizo 1951. Ni kawaida kwa rika lake; wengi walisogeza miaka ili wapate shule au ajira. Aliyebatizwa mchanga, cheti cha ubatizo kina uzito kuliko vingine. Aliyebatizwa mkubwa, mwaka huo nao ulikadiriwa, basi dada yake mkubwa aulizwe alizaliwa mbele au nyuma ya nani. Mwaka ukishakubaliwa, fundi wa msalaba anapigiwa simu papo hapo. Msalaba ukisema 1955 na wasifu 1951, waombolezaji wote wataona.

Saa 3. Watoto. Hapa ndipo wasifu huzua ugomvi kuliko penginepo. Naandika majina yote kwa kufuata mama na mpangilio wa kuzaliwa, waliotangulia mbele ya haki wakiwemo, kisha msemaji anayasoma mbele ya mashangazi. Idadi ikisomwa kaburini pungufu, aliyeachwa ataikumbusha kwenye kikao cha mirathi. Mzee huyu: watoto 9, walio hai 7.

Saa 5. Vita, ile ya 1978 hadi 1979 kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Vijana wanasema baba yao "aliingia Kampala". Huenda. Lakini Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na si kila aliyevuka mpaka pale Mutukula alifika huko. Wengine walibaki kulinda njia, wengine walirudishwa majeruhi. Namtafuta aliyekuwa naye, mzee wa kijiji cha jirani, namuuliza brigedi na mahali. Anajibu: 201, Lukaya, mji mdogo wa Uganda kwenye barabara ya kwenda Kampala.

Hapo nakaa chini vizuri. Brigedi ya 201 ilikuwa na mgambo wengi sana. Usiku wa tarehe 10 Machi ilipigwa maroketi na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, ikatawanyika. Kesho yake Brigedi ya 208 ikazunguka upande wa kaskazini-magharibi na mapigano yakageuka. Barabara pale imepita katikati ya bwawa la mafunjo; mzee anasema ukitoka lami maji yanafika kifuani na bunduki unaibeba kichwani. Naandika hivyo hivyo, na kurudi nyuma kwao naandika. Waliorudi nyuma usiku ule ndio waliosonga mbele baadaye, hakuna aibu ya kuficha.

Mgambo ambaye hakuajiriwa jeshini asiandikwe "mstaafu wa JWTZ", yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Huyu aliingia vitani kama mgambo, lakini akaajiriwa jeshini baada ya vita. Cheti kinasema hivyo. Na cheo: mtaani walimwita Meja, cheti kinasema koplo usu. Wawakilishi wa kikosi chake cha jeshi wakija kesho, watasikiliza neno hilo kwanza.

Saa 7 mchana. Naandika. Vita ilichukua miezi saba, naipa aya moja. Aya tatu ni za baada ya jeshi, na hapo siyumbi hata familia ikitaka mizinga zaidi: plau na jozi mbili za ng'ombe, ekari za muhogo na mahindi, na zile stakabadhi. Nazipanga kwa mwaka. Nyingi zimelipwa Julai, baada ya mavuno, na mwaka mmoja zipo za shule tatu kwa mkupuo. Nataja miaka na shule. "Alipenda elimu" pekee haimwambii mtu kitu.

Ugonjwa naandika kwa kiasi alichoruhusu mjane.

Saa 9:30. Steshenari. Maneno 700, yanasomeka kwa dakika saba hivi. Herufi saizi 16, nafasi mbili kati ya mistari, upande mmoja wa karatasi, sentensi isikatwe ukurasa ukiisha: msomaji atakuwa amesimama juani, karatasi inapeperushwa na upepo, macho yana machozi. Nakala nne: msomaji, msemaji, mchungaji, kikosi. Nyingine naituma kwenye simu ya msemaji, umeme ukikatika au karatasi ikilowa.

Saa 12 jioni. Nasomea mjane ndani, polepole.

"Mwanangu, kisima hujakiandika."

Kisima alichimba na wanawe wawili, futi 40, majirani wanachota hadi leo. Kinaingia kwenye aya ya kazi, ukurasa wa pili unachapwa upya, nakala zote nne. Nyaraka namrudishia msemaji kwa kuzihesabu mbele ya shahidi, maana cheti cha ndoa na karatasi za pensheni mjane atazihitaji mahakamani.