Ukuta wa ubongo na matembezi ya Maisara
Kila siku, baada ya sala ya alasiri, mimi na mama yangu mkubwa hutembea katika viwanja vya Maisara, mjini Zanzibar, na mara nyingi hunijia fikra ya ukuta mwembamba unaotenga damu na ubongo. Mwaka 1885 mwanasayansi Mjerumani Paul Ehrlich alieleza kwamba rangi iliyotiwa katika damu ya wanyama ilienea karibu viungo vyote isipokuwa ubongo. Leo tunajua kuwa seli za mishipa midogo ya ubongo zimeshikana barabara, zikichuja kinachopita. Mazoezi ya wastani husaidia kupunguza uvimbe sugu wa mwilini (si saratani, bali kinga ya mwili kuwaka bila kutulia) unaoulegeza ukuta huo, jambo ambalo kwangu ni neema kubwa kwa wazee wetu. Kukimbia kwa nguvu katika joto la kaskazi, hata hivyo, huweza kuulegeza kwa muda, ndiyo maana sisi husubiri jua lipoe.