Nusu ya Shamba

Kitabu hiki cha hadithi za kale za Wagiriki nilikipata sokoni Kibuye, Jumapili moja nilipoenda kutafuta kompresa ya mtumba. Mimi ni fundi wa friji hapa Kisumu, na Jumapili ndiyo siku Kibuye humwaga kila kitu chini: viatu, milango, kuku, vyuma chakavu. Muuza vyuma alikuwa amekalia rundo la vitabu. Nikamwomba ainuke kidogo. Nilichokiokota hakikuwa na jalada, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeliwa na mchwa, lakini jicho langu liliangukia pale ambapo baba mmoja anawameza watoto wake, mmoja baada ya mwingine, ili asije akawaachia nafasi. Nikatoa shilingi 50. Huyo baba nilikuwa namjua.

Babu yangu alikuwa na ekari 7 karibu na Kamukuywa, Bungoma, na hatimiliki yake ililala ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Wanawe watatu walizeeka wakilima vipande vya kuonyeshwa kwa fimbo: mwaka huu limeni hapa. Mwaka uliofuata fimbo ilihama. Baba yangu alipojenga nyumba ya matofali alikuwa na miaka 52, na bado aliambiwa asichimbe msingi mrefu. Babu alifariki 2017 bila kugawa hata hatua moja. Sanduku lilipofunguliwa tulikuta hati, saa iliyokufa na risiti za mahindi.

Sasa msikilizeni Hesiod, Mgiriki aliyeishi karibu miaka 700 kabla ya Kristo. Anasema mwanzo kabisa kulikuwa na Khaos. Nilidhani anasema fujo, kwa kuwa Kiingereza kimelichukua neno hilo kwa maana hiyo. Kumbe katika Kigiriki cha kale ni pengo, mwanya uliofunguka kama kinywa cha mtu anayepiga miayo. Baada ya pengo akatokea Gaia, ardhi, mwenye kifua kipana. Na Tartaros, shimo la chini kabisa. Na Eros, ile tamaa inayolegeza viungo vya miungu na vya watu. Hakuna aliyewaumba. Walitokea tu. Pengo likatoa Giza na Usiku, kisha Usiku akamzaa Mchana. Hapo nilifunga kitabu nikakaa kidogo, maana sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mchana una mama.

Gaia akamzaa Ouranos, mbingu, bila mume, akakua sawa naye ili amfunike pande zote. Kisha akalala naye. Wakapatikana miungu 12 iitwayo Titani, Saiklopi watatu wenye jicho moja moja, na majitu matatu ambayo kila moja lilikuwa na mikono 100 na vichwa 50. Ouranos hakuwapenda watoto wake. Kila aliyezaliwa alimsukuma arudi ndani ya mwili wa mama, asione mwanga, naye Ouranos akaifurahia kazi hiyo mbaya. Gaia akawa anaguna kwa kubanwa. Akatengeneza mundu mkubwa wa chuma kigumu cha kijivu, akawauliza wanawe nani yuko tayari. Wote kimya. Mmoja tu ndiye aliyesema nitafanya mimi: Kronos, kitinda mimba. Usiku baba alipokuja kulala, Kronos akanyoosha mkono kutoka mafichoni akamkata sehemu za siri, akazitupa nyuma yake bila kugeuka. Kutoka kwa povu lililozizunguka baharini akatoka Aphrodite. Mama watoto wangu alipofika hapo alinirudishia kitabu akasema kisiwekwe karibu na Biblia.

Kisha Kronos akawa yule yule. Aliambiwa kwamba yeye pia ataangushwa na mwanawe, basi mkewe Rhea akimzalia mtoto, anameza: Hestia, Demeter, Hera, Hades, Poseidon. Watano. Mimba ya sita Rhea akaenda kuwalilia wazazi wake, Gaia na Ouranos, nao wakampeleka Krete akajifungulie huko. Mume akaletewa jiwe lililofungwa katika nguo za mtoto. Akalimeza bila hata kulifungua aangalie. Miaka ikapita, mtoto huyo, Zeus, akakua, Kronos akatapika, na cha kwanza kutoka kikawa lile jiwe, kwa sababu ndilo lililoingia mwisho. Zeus akaliweka Delphi, chini ya mlima Parnassos, liwe alama. Msafiri Pausanias, aliyeishi karne ya 2 baada ya Kristo, anasimulia kwamba aliliona jiwe hapo, si kubwa, na watu wakilimiminia mafuta kila siku.

Jiwe letu la mpaka halipakwi mafuta. Linahama usiku.

Wasomaji wengine, nahisi, hushangaa kwa nini mdogo wa wote ndiye anayekuwa mfalme, mara mbili mfululizo. Sisi wa magharibi mwa Kenya hatuna la kushangaa. Kwetu kitinda mimba ndiye hubaki katika boma la wazazi, anazika, anarithi jiko la mama na mti wa kivuli. Wakubwa hutoka wakajenge mbele. Zeus kukaa pale juu kwenye kiti cha baba ni desturi, na baba mdogo wangu, aliye kitinda mimba wa babu, angeielewa kabla hujamaliza sentensi. Lakini Homer, mshairi mwingine wa Kigiriki, anasema vingine. Katika *Iliad* Zeus ndiye mkubwa. Poseidon anafoka kwamba wao ni ndugu watatu wenye haki sawa, kwamba walipiga kura: yeye akapata bahari, Hades akapata kuzimu, Zeus akapata mbingu, na ardhi pamoja na mlima Olympos vikabaki vya wote. Kwa nini basi Zeus amwamuru? Mjumbe wa Zeus anamkumbusha kwa upole kwamba Erinyes, wale wanawake wa kisasi, husimama upande wa mkubwa. Poseidon anameza hasira yake, anaondoka.

Nikaona kesi yetu nzima ya shamba la babu imeandikwa. Baba yangu, mzaliwa wa kwanza, angemchukua Homer awe wakili wake. Baba mdogo angemchukua Hesiod. Na wakili mjanja angesimama aseme: waheshimiwa, waliomezwa walitoka kinyumenyume, kwa hiyo wa kwanza amezaliwa tena akiwa wa mwisho, basi mkubwa ni nani? Sitanii. Kuna wimbo wa zamani wa Kigiriki unaosema Hestia ni mtoto wa kwanza wa Kronos na tena wa mwisho.

Kukhu, mama yake baba, ndiye angekuwa Gaia wetu. Gaia hana upande. Alimsaidia mwanawe dhidi ya mumewe, akamsaidia mjukuu dhidi ya mwanawe, baadaye akamzaa Typhoeus mwenye vichwa 100 vya nyoka aliyepigana na huyo huyo mjukuu, na Zeus aliposhinda ni Gaia tena aliyewashauri miungu wamkabidhi ufalme. Kukhu alikuwa hivyo. Mchana alimtetea babu, usiku alikuja kumwambia mama yangu mahali hati ilipo. Na ndiye aliyenisimulia, tukipukuchua mahindi, jinsi Wele Khakaba, Mungu wa Wabukusu, alivyoumba mbingu kwanza akaisimamisha kwa nguzo, kisha akaweka humo ndugu wawili, mwezi na jua. Mwezi ndiye mkubwa, naye ndiye aliyekuwa na mwanga mkali zaidi. Jua akaona wivu. Wakashikana mieleka, mara ya kwanza mwezi akamwangusha mdogo wake, mara ya pili jua akamwangusha mwezi na kumpaka matope usoni. Ndiyo maana mwezi ni hafifu, alisema kukhu, nanyi mkipigana hapa mbele yangu nitawapaka mimi. Kwa Wagiriki jua na mwezi pia ni ndugu, Helios na Selene, watoto wa Hyperion na Theia, ila hawapigani. Hadithi ya kukhu ina utamu zaidi. Na Khakaba, kwa Kibukusu, ni mwenye kugawa. Babu alilitaja jina hilo kila asubuhi.

Mwezi wa tatu niliitwa nyumbani. Miguu ya baba inavimba, hawezi safari, basi mimi ndiye ningekwenda kwa niaba yake katika ofisi moja inayoshughulikia mambo ya ardhi. Nilipanda matatu Kisumu alfajiri, kitabu ndani ya mkoba wa spana. Baada ya Khayega nilichungulia dirishani kama kawaida yangu kulitazama lile Jiwe Linalolia la Ilesi, lenye kichwa juu na michirizi ya maji ikishuka mwilini. Wagiriki nao walikuwa na lao, kwenye mlima Sipylos ulioko Uturuki ya leo: Niobe, aliyejigamba kwamba amezaa watoto 12 na mungu wa kike Leto amezaa wawili tu. Wale wawili, Apollo na Artemis, wakawamaliza wote 12 kwa mishale. Niobe akageuka jiwe, na jiwe likaendelea kulia. Kondakta akaniuliza kama nimeona mtu ninayemfahamu.

Kesho yake tulienda ofisini, mimi na baba mdogo. Msicheke: watu wanaoshtakiana tulipanda boda moja, yeye katikati, mimi nyuma, kwa sababu kila mmoja alitaka kuokoa nauli. Barua ya chifu ninayo mimi, nakala ya cheti cha kifo anayo yeye. Bila mwenzako huendi popote. Tulifika saa mbili. Tukaambiwa faili haijaonekana, tukae. Saa nne, faili haijaonekana. Mzee mmoja kwenye benchi alitutazama, akatabasamu, akasema polepole kama anajisemea: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.

"Baba mdogo," nikamwambia, "ngoja nikusomee kitu."

Nikamfasiria nilivyoweza. Kwenye pengo alinikatiza. "Na hilo pengo aliliweka nani?"

"Hakuna. Lilitokea."

"Hakuna kitu kinachotokea tu. Hata hii faili haijapotea tu." Akanyamaza. "Endelea."

Kwenye mundu aliangalia mlangoni kama kuna mwanamke anayesikia. Kwenye jiwe alicheka hadi akakohoa. Nilipofika kwenye kura ya ndugu watatu aliuliza, "Aliyepewa kuzimu alikubali?"

"Alikubali."

"Hakuwa na mke."

"Baadaye alimteka mmoja."

"Angekuwa naye mapema, asingekubali."

Ndipo nikamwambia kuhusu huyu Hesiod mwenyewe. Hakuwa mtu wa jumba la mfalme. Alichunga kondoo chini ya mlima Helikon, na anasema Muse, mabinti wa Zeus, walimjia huko, wakawatukana wachungaji kwamba ni matumbo matupu, wakamwambia wanajua kusema uongo mwingi unaofanana na kweli, na wakitaka husema kweli. Kisha wakampa fimbo ya mti wa laurel na sauti ya kuimba. Baba yake alihama kutoka Kyme, ng'ambo ya bahari, akikimbia umaskini, akaja kukaa Askra, kijiji ambacho mwanawe anakisema vibaya bila haya: kibaya wakati wa baridi, kigumu wakati wa joto, hakifai wakati wowote. Baba mdogo akasema ni kama Kamukuywa barabara ikinyeshewa.

Katika shairi lake la pili, *Kazi na Siku*, anamwandikia ndugu yake Perses. Mali ya baba ilikuwa imeshagawanywa. Perses akachukua zaidi ya fungu lake, akawabembeleza wakubwa wanaoamua kesi, ambao Hesiod anawaita wala zawadi, yaani wenye kula hongo.

"Wala zawadi," baba mdogo alirudia kwa sauti, kisha akashusha sauti haraka kwa sababu karani alikuwa ameinua kichwa.

Nikamsomea mstari mmoja ambao nilikuwa nimeupigia kalamu tangu Kisumu. Hesiod anasema hao ni wajinga, hawajui ni kiasi gani nusu inazidi nzima, wala faida iliyomo katika mboga za porini. Nilirudia mara mbili. Nusu inazidi nzima. Nilitaka kumwona atafanya nini, maana ugomvi wetu wote ni ile sehemu ya barabarani inayotosha vibanda vinne, na baba anataka yote, na yeye anataka yote, na yule wa katikati yuko Kitale anataka pesa tu.

Baba mdogo alivua kofia, akaifuta jasho ndani, akaivaa. "Baba yako umemsomea huo?"

Nikasema hapana. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemsomea Homer peke yake.

"Msomee." Alikaa kimya kwa muda mrefu hata nikadhani amesinzia. "Na huyo Perses. Mwisho alirudisha?"

Kitabu hakisemi. Hesiod anamwambia afanye kazi, anamweleza lini alime na lini avune, mti gani unafaa kwa jembe, siku gani za mwezi ni nzuri, mistari zaidi ya 800, na la shamba halimaliziki. Nilimwambia hivyo.

"Lakini aliendelea kuongea naye," alisema baba mdogo.

Karani akafungua dirisha dogo akaliita jina la babu, kwa sauti kubwa, kana kwamba mzee yuko nje amefunga baiskeli. Tuliinuka wote wawili.