Krediti Zangu Zimeliwa: Siku Moja Kwenye Dawati la Msaada

Saa 2:00 asubuhi. Nafungua kompyuta, usiku umeniachia tiketi 23, yaani maombi ya msaada kutoka kwa wateja. Ukoo mzima unaamini mimi ni mtafsiri. Sitafsiri hata neno moja. Mashine ndiyo inayotafsiri tovuti za watu, na mimi huitwa pale inapogoma, au mwenye tovuti anapodhani imegoma.

Kwa asiyejua: krediti za tafsiri ni kama vocha ya simu. Unanunua kwanza, kisha kila neno linalokwenda kwenye injini ya tafsiri linakata salio. Injini nyingine hukata krediti moja kwa neno, nyingine zaidi, na kila lugha huhesabiwa peke yake. Ukurasa wa maneno 500 ukienda kwenye lugha tatu, hayo ni maneno 1,500. Hapo ndipo wengi hushtuka.

Hadi saa 3:30 nimefunga tiketi tisa. Wanne walinunua krediti kwa barua pepe moja na kusajili tovuti kwa barua pepe nyingine, kwa hiyo krediti zimekaa kwenye akaunti isiyo na tovuti. Wawili kachi, yaani nakala ya ukurasa iliyohifadhiwa, iliwaonyesha salio la juzi. Mmoja ana malalamiko ya haki kabisa: mashine imekiita kikapu cha manunuzi "mkokoteni", na duka lake lote linamwambia mgeni kwamba mkokoteni wake ni mtupu. Nilicheka peke yangu kabla sijamjibu kwa adabu.

Saa 3:40 ikaingia hii, kwa herufi kubwa mwanzo hadi mwisho: "JANA NIMELIPIA KREDITI 150,000. LEO SALIO NI 37. NANI AMEKULA?"

Nikaomba risiti. Ikaja picha ya kioo cha kompyuta iliyopigwa kwa simu, imepinda, kidole kimeziba nusu ya namba. Akaunti ni sahihi. Kumbukumbu zetu zinaonyesha krediti ziliingia saa 10:12 jioni, na kabla ya saa 5 usiku zilikuwa zimekwisha. Nikafanya kosa ambalo huwa nawakataza wageni wa kazi hii. Niliandika: "Ndugu mteja, krediti zako zimetumika."

"Na nani, dada? Mimi nilikuwa nimelala."

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa na haki. Nilifungua duka lake: bidhaa 412, lugha mbili za kutafsiriwa, Kifaransa na Kiarabu, na zote tupu. Hakuna hata sentensi moja. Yaani pesa imelipwa, maneno yamehesabiwa, na mwenye mali hajapata kitu. Ningekuwa yeye, hata mimi ningeandika kwa herufi kubwa.

Nikaomba ruhusa ya kuingia upande wa msimamizi. Nywila ya kwanza haikufanya kazi, ya pili ilikuwa ya barua pepe yake (nilimsihi aibadilishe papo hapo), ya tatu ikafungua. Dakika hamsini zimekwenda.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa kwamba tafsiri zimekamilika lakini zimeshindwa kurudi, maana ukuta wa usalama wa seva huweza kuzizuia mlangoni. Nikatazama orodha ya kazi zilizotumwa. Tupu. Tovuti hii haikutuma neno hata moja. Tena nikaona kazi za ratiba za WordPress, programu inayoendesha tovuti yake, yaani zile zinazojiendesha zenyewe kila baada ya muda, zimezimwa kwenye faili la mipangilio, na upande wa seva hakuna aliyeweka mbadala wake. Hata ingetaka kutuma, isingeweza.

Sasa nani ametuma? Nikarudi kwenye kumbukumbu za upande wetu, safari hii nikasoma anwani ya tovuti iliyotuma badala ya ufunguo wa usajili, ile namba ya siri inayoiunganisha tovuti na akaunti. Ufunguo ni wake. Anwani pia ni ya domeini yake, ila mbele imetanguliwa na neno "majaribio" na nukta.

"Ndugu, una nakala ya tovuti hii mahali popote?"

"Sina."

Miaka ya kazi hii imenifundisha kuuliza tena kwa mlango mwingine. "Kuna fundi aliyewahi kukutengenezea duka?"

"Yupo. Alimaliza mwezi wa tatu."

Fundi alinakili duka zima ili afanyie majaribio, hifadhidata na ufunguo vikaenda pamoja, na akaacha swichi ya kutafsiri kila kitu ikiwa imewashwa. Kule ratiba ilikuwa hai. Miezi yote nakala ile ilikaa kimya kwa sababu salio lilikuwa sifuri. Jana pesa ilipoingia, ikaamka kabla ya mwenyewe. Bidhaa 412, maneno 180 hivi kila moja, mara lugha mbili: zaidi ya maneno 148,000. Ongeza kurasa chache za maelezo, ndiyo hayo.

Chakula cha mchana kilinipita bila kusalimiana.

Bahati ni kwamba huduma yetu hutunza kumbukumbu ya tafsiri kwa akaunti, si kwa tovuti. Sentensi iliyokwisha kulipiwa hailipiwi tena. Nikazima swichi kwenye nakala na kuufuta ufunguo. Kwenye duka halisi nikaweka ratiba ya seva iamke kila baada ya dakika tano, kisha nikabofya tafsiri na kungoja. Bidhaa 6. Bidhaa 15. Macho yanawaka, mgongo hausemeki, tiketi nyingine zinarundikana, na kila baada ya muda mfupi linatokea neno moja: "Bado?" Bado, ndugu. Bidhaa 88. "Bado?" Sikumbuki saa ngapi nilianza kumjibu kwa namba tupu.

Zikafika 409, zikasimama. Tatu zilizobaki maelezo yake yalibadilishwa baada ya nakala kuchukuliwa, kwa hiyo sentensi mpya zinadai krediti mpya, na salio ni zile zile 37.

"Na hizo tatu?"

Nikamwandikia msimamizi wangu kuomba krediti 1,000 za hisani. Akakubali bila maswali, nadhani kwa sababu aliona mazungumzo yana ujumbe 64. Saa 12:20 jioni zote 412 zikawa zimekamilika kwa Kifaransa na Kiarabu.

Mteja hakuaga. Baada ya robo saa ikaingia tathmini: nyota tatu kati ya tano, na chini yake mstari mmoja, safari hii kwa herufi ndogo: "tatizo lilikuwa kwa fundi wangu."

Nimeupiga picha na kuuhifadhi.