Nilivyokihifadhi na kukisoma kitabu cha ngozi cha vita vya 1812

Kitabu chenyewe nilikinunua Place du Jeu de Balle, soko la vitu vikuukuu katika mtaa wa Marolles, Brussels. Kilikuwa kimefungwa kwa ngozi ya ndama, jalada la mbele limeng'oka na kushikiliwa na kamba tu. Ndani: simulizi ya vita vya Napoleon nchini Urusi, imeandikwa na Eugène Labaume, Paris, Panckoucke, 1814. Mimi ni mtu wa Bukavu, Kifaransa nimekisomea tangu shule ya msingi, kwa hiyo lugha haikunisumbua. Shida ilikuwa kukisoma bila kukiharibu kabisa.

Labaume hakusimuliwa vita hivyo. Alikuwa ofisa katika kikosi kikuu cha 4, chini ya Eugène de Beauharnais, mtoto wa kambo wa Napoleon, na askari wengi wa kikosi hicho walikuwa Waitalia. Katika dibaji anaeleza alivyoandika: kalamu yake unyoya wa kunguru, wino wake baruti kidogo iliyochanganywa na theluji iliyoyeyuka kwenye kiganja cha mkono. Habari za kuporwa kwa Moscow aliziandika kwa mwanga wa moto ule ule uliokuwa ukiuteketeza mji. Za kuvuka mto Berezina aliziandika akiwa ukingoni. Nilipomaliza dibaji hiyo niliamua kwamba kitabu hiki hakitakaa kabatini kama pambo.

Ngozi ilikuwa inatoa unga mwekundu. Ukiishika, vidole vinabadilika rangi, na shati pia. Ngozi zilizolainishwa kwa magome ya miti hupatwa sana na hali hiyo: moshi na hewa chafu ya mjini huleta asidi inayokula nyuzi zake mpaka zinakuwa vumbi. Hakuna namna ya kuirudishia ngozi uzima wake. Kinachowezekana ni kuuzuia ule unga usiendelee kumwagika.

Jirani yangu, mama mmoja wa Uvira, alipokiona alisikitika. "Mwanangu, ngozi kavu si inataka mafuta? Kipake mawese kidogo."

"Hapana mama, mafuta yataipiga weusi, yataingia kwenye karatasi, na vumbi litaganda juu yake."

Hata dawa ya viatu ni vivyo hivyo. Fundi mmoja wa kukarabati vitabu ndiye aliyenielekeza kwenye Klucel G, unga mweupe unaoyeyushwa kwenye spiriti hadi uwe mzito kidogo kuliko maji. Kwanza nilifuta vumbi kwa brashi laini, nikianzia mgongoni mwa kitabu kuelekea nje. Kisha nikajaribu dawa kwenye kona moja ya jalada la nyuma na kuiacha ikauke hadi kesho yake. Rangi ilikoza kidogo sana, na nilipopitisha kidole kilitoka safi. Hapo ndipo nilipopaka kote, tabaka jembamba jembamba.

Jalada lililong'oka sikulibandika. Gundi ya dukani huwa ngumu kuliko ngozi, na baada ya muda huivunja pembeni yake. Nimekizungushia utepe bapa wa pamba, basi. Ramani ya mapigano ya Maloyaroslavets, iliyokuwa imechanika kwenye mkunjo, fundi aliiunga kwa vipande vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ambayo siku yoyote inaweza kutolewa kwa unyevu. Karatasi za ndani hazikuhitaji kitu. Mwaka 1814 karatasi ilikuwa bado inatengenezwa kwa matambara, si kwa mbao, ndiyo sababu kurasa hizi bado ni nyororo wakati magazeti ya miaka ya 1960 aliyotuachia babu yanakatika ukiyakunjua.

Kusoma nimesomea mezani, taulo zilizokunjwa zikiwa chini ya kila upande ili kitabu kisifunguke hadi kulala. Mikono mikavu na safi inatosha. Glovu huondoa hisia za vidole na kufanya kurasa zichanike.

Maloyaroslavets ndipo niliposoma polepole kuliko pote. Jeshi lilitoka Moscow tarehe 19 Oktoba, na tarehe 24 kikosi cha Labaume kikapigania mji huo mdogo, ukitekwa na kupotezwa mara kadhaa siku ile ile. Waliushika, lakini Napoleon akageuza njia kurudi barabara ya Smolensk, ambayo jeshi lake lenyewe lilikuwa limeshaikomba chakula chote. Wakapita Borodino juu ya maiti za mapigano ya tarehe 7 Septemba ambazo hazikuwa zimezikwa. Kwenye mto Vop wakaacha mizinga na mikokoteni majini kati ya vipande vya barafu.

Nakumbuka pia kwamba kitabu kilitoka mwaka ambao Napoleon alianguka, wakati kumlaumu hakukuwa na hatari tena. Hukumu za Labaume juu ya mfalme huyo nazisoma kwa tahadhari. Ila anapoandika juu ya wanawake na watoto waliofuata jeshi hadi Berezina, namwamini.

Sasa kinakaa kwenye kisanduku cha kadibodi isiyo na asidi, kimelazwa, mbali na dirisha na hita. Sura ya Berezina naifasiri kwa Kiswahili, na kurasa zikiwa tayari nawatumia wapwa zangu Bukavu kwa WhatsApp.