Siku Moja Karakanani: Kuchagua Nyuzi za Gitaa la Rezoneta

Nilifungua karakana saa 1:30 asubuhi, na kama kawaida yangu nilianza kwa kupitisha kidole kwenye nyuzi za kila gitaa lililolala hapo usiku, kwa kuwa sikio la asubuhi, kabla halijachoshwa na kelele za kutwa, husikia kasoro ambazo la jioni huzipita. Nilipofika kwenye gitaa la rezoneta lililoletwa jana, nilisimama. Lilikuwa la koni tatu, lenye shingo ya mviringo na umri mkubwa, na mwenye nalo alikuwa amelikabidhi kwa sentensi moja: "Fundi, gitaa hili lina nyuki ndani." Hakukosea. Kila noti niliyoipiga ilifuatwa na mvumo mwembamba wa bati lisilokaa vizuri mahali pake.

Saa 2:00 nililiweka mezani. Katika gitaa la kawaida, ubao wa mbele ndio unaotetema na kutoa sauti, lakini katika rezoneta kazi hiyo hufanywa na koni nyembamba ya alumini iliyofichwa chini ya kifuniko, moja au tatu kutegemea aina. John Dopyera alibuni lile la koni tatu, na kampuni ya National ya Los Angeles ikaanza kuliuza mwaka 1927, wakati ambapo mpiga gitaa aliyekaa katikati ya tarumbeta na ngoma hakuwa na kipaza sauti cha kumwokoa. Wengi wanalijua jambo hilo. Wasilolizingatia, na ambalo ningependa kila mwenye rezoneta alishike, ni kwamba uzi wa gitaa hili una kazi mbili: unaimba, na papo hapo unaikandamiza koni ikae sawasawa kwenye kitako chake. Uzi usiokandamiza vya kutosha huiacha koni ichezecheze, na hapo ndipo nyuki huzaliwa.

Nilichukua maikromita nikaupima uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, nikapata inchi 0.010, unene unaofaa gitaa la umeme. Ili nisimhukumu mtu kwa kipimo kimoja, niliukaza uzi huo polepole kutoka D hadi E huku nikiupiga, na mvumo ukapungua kadiri mkazo ulivyopanda. Ningeweza kukifungua kifuniko, lakini jibu lilikuwa limekwisha kupatikana.

Saa 3:00 nilimpigia simu mwenyewe. Sikumuuliza anapenda nyuzi gani. Nilimuuliza anatyuni vipi, kwa sababu unene wa uzi hauna maana yoyote mpaka ujulikane uzi huo utavutwa hadi noti ipi. Alinijibu kwamba hupiga kwa slaidi, kile kibomba kinachovaliwa kidoleni na kuteleza juu ya nyuzi, na kwamba hutumia tyuni ya wazi ya D, ambayo nyuzi zikipigwa bila kubonyezwa hutoa kodi nzima: D, A, D, F♯, A, D kuanzia uzi mnene, badala ya E, A, D, G, B, E ya kawaida.

Basi nilikaa na karatasi. Mkazo wa uzi huongezeka kwa mraba wa kasi ya mtetemo na kwa mraba wa unene, kwa hiyo uzi ukiteremshwa toni moja hupoteza karibu moja ya tano ya mkazo wake, na ili kuurudisha lazima unene uongezwe kwa kama asilimia 12. Kwenye gitaa lenye uzi wa inchi 25 kutoka kizingiti cha juu, kwenye kichwa cha shingo, hadi darajani, uzi wa kwanza wa 0.013 uliotyuniwa E huvuta kama kilo 12. Uteremshe hadi D, utabaki na kilo 9.5. Ule wa 0.010 aliokuwa ameuweka, kwenye D hiyohiyo, haukufika hata kilo 6, yaani nusu ya mzigo ambao seti ya kawaida ya wastani ingeipa koni. Slaidi nayo ikipita juu ya uzi mlegevu kiasi hicho huuzamisha mpaka ukagonga freti, vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo, na mpigaji hudhani mkono wake ndio wenye tatizo.

Nilianza na seti ya wastani nikaifanyia hesabu uzi mmoja mmoja. Kwa elfu za inchi, wa kwanza ukatoka 13 ukawa 15, wa pili ukatoka 17 ukawa 19. Wa tatu, unaoshuka nusutoni tu hadi F♯, nikautoa 26 nikauweka 28. Wa nne na wa tano hazibadilishi noti, hivyo 35 na 45 zikabaki. Kwa hesabu kavu wa sita ungestahili kufika 63, lakini uzi mnene hivyo huwa mgumu na sauti yake huwa butu, nami niliona afadhali 56 iliyolegea kidogo. Wapigaji wengi wa slaidi wangetaka 16 kwa uzi wa kwanza, na kwa koni mpya nisingebisha. Koni hizi ni za zamani, na koni ya zamani iliyozidiwa mzigo hubonyea isirudi.

Saa 5:00 nikiwa bado na karatasi, kijana mmoja alipiga simu kuuliza kama anaweza kutumia tyuni ya G, B, D, G, B, D kwenye rezoneta yake ya shingo ya mviringo. Nilimwambia, "Usithubutu, mwanangu." Tyuni hiyo ni ya magitaa ya shingo ya mraba, yanayolazwa mapajani. Kuupandisha uzi wa sita kutoka E hadi G huongeza mkazo wake kwa asilimia 41, na wa tano kutoka A hadi B kwa asilimia 26. Nilimshauri atumie D, G, D, G, B, D, ambayo ni G ya wazi vilevile, na hakuna uzi hata mmoja unaopandishwa.

Saa 8:00 mchana nilianza kubadilisha nyuzi, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu ukizilegeza zote kwa pamoja daraja na koni hupoteza mkao wake. Uzi wa kwanza mpya ulipofika karibu na D, ulitoa mlio mkavu, "ti!", noti ikaruka. Mfuo wa kizingiti cha juu ulichongwa kwa ajili ya uzi wa 10, na sasa ulikuwa ukiubana ule wa 15. Niliulegeza, nikaupanua mfuo kwa tupa nyembamba, misukumo mitatu na kupuliza vumbi, kisha nikapaka ndani yake ncha ya penseli. Safari ya pili uzi ulipanda bila kusita. Mifuo yote sita ilinichukua karibu saa mbili, na sijutii hata dakika moja.

Kuhusu madini sikupoteza muda. Nyuzi za kufungwa, yaani zile nene zilizozungushiwa waya, nilichagua za bronzi ya fosforasi, ambazo kwa sikio langu huipunguzia alumini ukali wake. Lingekuwa gitaa lenye pikapu ya sumaku, kile kinasa mtetemo cha gitaa la umeme, ningeweka za nikeli, kwa maana bronzi haivutwi na sumaku.

Mwenyewe alikuja saa 11:00 jioni. Alikaa kwenye kigoda, akavaa slaidi, akateremka kutoka freti ya kumi na mbili hadi ya tano kwa mkokoto mmoja mrefu, kisha akatulia akisikiliza noti ikifa yenyewe. Akarudia. "Fundi, nyuki wamekwenda wapi?" Nilimwonyesha zile nyuzi za zamani zilizokunjwa mezani, nikamweleza habari ya mzigo, na kwenye kadi ndogo ndani ya sanduku la gitaa nikaandika: D ya wazi, 15, 19, 28, 35, 45, 56.