Kitunguu cha Bibi

Jumapili iliyopita binti yangu aliumwa na nyigu kwenye kidole cha shahada alipokuwa akianua nguo, na kabla sijafika uani jirani alikwisha kukata kitunguu maji na kukisugua pale palipouma. Harufu ya kitunguu kibichi kwenye ngozi ya mtoto ndiyo iliyonishika. Nilimkamata kidevu, nikamgeuzia uso kwenye mwanga, nikamwambia atoe ulimi, kisha anitajie jina lake lote mpaka la babu.

“Mama, nimeumwa kidoleni,” alinikumbusha.

Ilikuwa mwaka 1993, kwa Bibi, Muheza, msimu wa machungwa. Mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita, alivuta tawi la chini la mchungwa, na humo majanini palikuwa na kiota cha kijivu, kama karatasi iliyonyeshewa ikakauka, kikining’inia kwa kikonyo chembamba. Mimi niliumwa mara mbili mkononi. Yeye aliumwa shingoni na nyuma ya sikio.

Bibi hakubabaika. Alianza kwa kutafuta mwiba kwa mgongo wa wembe, na asiuone, kwa sababu nyuki ndiye anayeuacha mwiba wake mwilini, ilhali nyigu huuchomoa na kuuma tena. Kisha akapasua kitunguu kimoja, nusu yangu, nusu ya mdogo wangu. Ndimu ilikuwa tayari kando, na majivu ya mekoni yalikuwa yanasubiri kukandwa kwa maji. “Tulia, mume wangu,” alimbembeleza. “Mbona mke mwenzangu halii?” Mkono wangu ulipoa, nami nikaamini ni kitunguu.

Mdogo wangu akaacha kulia, na Bibi akashukuru Mungu kwamba dawa imeingia. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mbele ya mdogo wangu kabisa, macho yangu yakiwa sawasawa na macho yake. Niliuona mdomo wake wa juu ukinenepa upande mmoja, polepole, kama andazi linaloumuka, kisha upande wa pili ukafuata. Alikuwa akijikuna viganja vya mikono, jambo ambalo sikulielewa, kwa kuwa hakuumwa huko. Mabaka mekundu yalitokeza kifuani, yakapanda, yakaungana. Kope zilivimba hata macho yakabaki michirizi miwili. Alitaka kuniambia kitu, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, sauti ya mtu mzima ndani ya mtoto wa miaka sita, kisha akaanza kukohoa bila kupumzika. Muda wote huo Bibi alikuwa nyuma yake, ameinamia shingo, anakamua ndimu. Tone moja liliteremka taratibu kwenye uti wa mgongo wake. Nilisema, “Bibi, mwangalie usoni.” Aliniambia nisubiri zamu yangu. Nilisema tena.

Mjomba alimpakia kwenye baiskeli, Bibi akikimbia kando akimshikilia, mpaka zahanati, ambako tabibu alimchoma pajani sindano ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, na baada ya dakika chache pumzi ikaanza kufunguka. Usiku ule alilala hospitali akiangaliwa.

Kilichompa Bibi uhakika ni kwamba miezi michache kabla yake mdogo wangu alikwisha kuumwa na nyigu, akapakwa kitunguu hicho hicho, na jioni akawa anacheza. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwaka 1902 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walimdunga mbwa sumu ya mnyama wa baharini akasalimika, na walipomdunga tena wiki kadhaa baadaye, kwa kiasi kidogo, akafa ndani ya nusu saa. Mara ya kwanza ilikuwa imeuandaa mwili wake. Niliusoma ukurasa ule huku nikiiona ile jioni ya mchezo, ambayo sote tuliihesabu kuwa ushahidi wa dawa.

Najua pia kwamba siki, ndimu na kitunguu haviifikii sumu iliyokwisha kuingia chini ya ngozi, na kwamba kitu cha baridi ndicho kinachopunguza uvimbe na maumivu. Hata hivyo nikiikumbuka ile nusu ya kitunguu mkononi mwangu, imeshikiliwa na vidole vya Bibi, siwezi kuiita bure, na sijapata jina jingine la kuiita. Yeye mwenyewe aliniuliza mara moja tu, mwaka uliofuata, tukimenya machungwa: “Uliniambia mara ngapi?” Nilimjibu kwamba nilimwambia mara moja. Mpaka leo sijui kama aliniamini.

Binti yangu nilimfungia barafu kwenye kitambaa, nikakaa naye kizingitini, nikimtazama midomo na kumsemesha, mpaka saa nzima ikapita na uvimbe ukabaki kidoleni peke yake. Ndipo aliponiuliza kama anaweza kurudishiwa kitunguu chake. Nilimpa, akakibana juu ya kidole kwa mkono wake mwingine.