Kitanda cha dirishani

Nimetoka kumwona mama sasa hivi. Leo siku ya tano tangu apasuliwe mfuko wa nyongo, hapa hapa Dodoma.

Siku za mwanzo kitanda chake kilitazama ukuta. Ukuta mtupu, rangi imebanduka. Taa haizimwi usiku, mlango unabamizwa kila mara. Uji hataki. Anauliza tu, "Saa ngapi mwanangu?"

Jana nesi mmoja, Mungu ambariki, akamhamishia dirishani. Nje kuna mwarobaini.

Leo nimemkuta ameketi. Uji kamaliza.
Saa hajauliza.
Kanionyesha njiwa anajenga kiota. "Tangu asubuhi anabeba vijiti. Upepo wetu huu unamwangushia, anarudi tena."

Nikakumbuka utafiti wa Roger Ulrich wa Marekani, 1984: waliopasuliwa nyongo wakalazwa kwenye dirisha lenye miti waliruhusiwa mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali, tena dawa kali za maumivu walitumia chache.
Nyongo hiyo hiyo jamani!
(Huenda kwa mama ni dawa tu zimeshika. Sibishani.)

Nimeaga, hata hakugeuka. Macho kwa njiwa.

Nyie mliowahi kulazwa, kitanda chenu kilitazama nini?